Kila Mtu na Jua Lake

Mvua ya Mondoñedo haina haraka; ilianza Jumanne.
Jikoni, kompyuta ya mtumba inapumua kama mwenye pumu,
na mimi, Sabela, nawaita ndugu zangu mezani
mmoja mmoja, kwa kipanya.

Mama anatimiza themanini Jumapili.
Kaomba kitu kimoja: picha ya watoto wote wanne, mezani pake.
Picha hiyo haijawahi kuwepo.
Breixo aliondoka Antía akiwa bado tumboni,
Xurxo akaondoka kabla Breixo hajarudi,
na Breixo hajarudi.

Programu sikuinunua. Ni huria:
waliishona watu nisiowajua, kila mtu na usiku wake,
ujima wa wasioonana,
na aliyeitafsiri menyu kwa Kigalisia
alichoka mahali fulani, akaliacha neno moja lilivyokuwa.
Nalibofya kila siku. Sijui maana yake. Linafanya kazi.

Kwanza Breixo. Namzungushia kamba ya nukta,
sikio, kola, bega. Caracas inamng'ang'ania;
kipande cha ukuta wa buluu hakitaki kukiachia kiwiko.
Namvuta karibu hadi anakuwa viraka vya mraba,
rangi ya chai, rangi ya tofali,
si kaka tena, ni kazi.
Narudi nyuma: huyo hapo, anacheka.
Gari limemkata magotini, miguu haimo.
Sawa. Atakaa nyuma ya meza.

Xurxo anatoka dirishani kwake Basel, ubavu mmoja mweupe.
Antía kavaa koti la kiwandani, Reykjavík,
usiku wa manane na bado kweupe.
Kila mtu kaja na jua lake.
La Breixo linashuka utosini kama mwiko,
la Xurxo linaingia kwa pembeni kama mpangaji anayedaiwa,
la Antía halitui.
Na meza ya Mama, niliyoipiga jana, haina jua lolote;
ina kitambaa cha plastiki chenye ndimu.

Nilijaribu kuwapatanisha.
Huyu nikampunguzia mwanga, yule nikamwongezea manjano,
vivuli nikavichora kwa mkono.
Kimoja kikaelekea mlangoni, kimoja kikajificha chini ya kiti,
kimoja kikauangukia mkate kama doa la mafuta.
Tendua. Tendua. Tendua.
Programu inakumbuka hatua hamsini za nyuma.
Kituo cha basi cha mwaka themanini na nne
kiko mbali kuliko hapo.

Saa nane usiku nikaacha. Vivuli na vigombane.
Mimi nikajibandika pembeni, uso wa kitambulisho,
maana mpiga picha hana picha.

Tabaka sikuzibana kuwa moja. Zimelaliana hivyo hivyo,
Xurxo juu ya ukuta, Antía juu ya Xurxo,
na kando ya kila jina kijicho:
ukikizima, mtu anaondoka; ukikiwasha, karudi.
Nilikichezea kwa muda, naona haya kusema.
Breixo. Hakuna Breixo. Breixo.

Faili nililiita mama_themanini_mwisho.
Kisha mama_themanini_mwisho_kweli.

Jumapili Mama akavaa jozi mbili za miwani, moja juu ya nyingine.
Habari ya vivuli hakuiuliza.
Kuhusu uso wangu wa kitambulisho alisema tu
kwamba ninafanana na mtu anayesubiri kuulizwa swali.
Kisha akapitisha kidole pale kitambaa kinapoishia,
akakirudisha, akakipitisha tena.
"Breixo hana miguu."
Haikuwamo pichani, Mama.
Akaiegemeza picha kwenye kopo la kahawa,
akakinyoosha kitambaa, hiki cha kweli, ndimu kwa ndimu.
"Afadhali," akasema. "Basi hatoki."